Nilijisifu hatufuti kitu, mpaka wakili alipouliza

Kwa miaka kama kumi hivi nilikuwa mtu wa IT mwenye kiburi kimoja tu, kwamba mikononi mwangu hakuna data iliyowahi kupotea. Seva ikifa usiku, asubuhi watu wanakuta faili zao kama vile hakuna kilichotokea. Mtu akifuta imeili kwa bahati mbaya namrudishia kabla hajamaliza kulalamika. Kabati la tepu za bakapu, zile nakala za data za kurudishia seva ikifa, lilikuwa limejaa mpaka mlango unakataa kufunga, na mi kila nikilipita najisikia raha kama mtu mwenye akiba. Akiba yenyewe sasa sikuwahi kuihesabu.

Halafu kampuni ikashtakiwa. Tulikuwa tunafanya biashara na watu wa Marekani, mkataba ukavunjika, wenzetu wakaenda mahakama ya shirikisho ya kwao. Nikajua hiyo ni habari ya mabosi na mawakili wao, IT tunaingiaje kwenye kesi ya mkataba? Sikujua kwamba kule kabla kesi haijasikilizwa kila upande unalazimika kumpa mwenzake nyaraka za ugomvi akiziomba, hata zile zinazomuumiza mwenyewe, na kwamba tangu Desemba 2006 kanuni zao za madai zinataja waziwazi kuwa data ya kielektroniki nayo imo: imeili, lahajedwali, kalenda, chati (zile za kuandikiana ujumbe), vyote. Wenye kazi yao wanaita i-diskavari. Mimi hilo neno nililisikia mara ya kwanza kwenye simu, kutoka kwa wakili wa nje aliyekodiwa na kampuni, mama mmoja mpole sana, sauti ya chini, ambaye hata hakunisalimia kwa kirefu.

"Kaka, niambie kitu kimoja tu. Mnafuta nini, na kinafutwa lini?"

"Hatufuti kitu, dada." Nilijibu kwa majivuno kabisa.

Akanyamaza kidogo. "Usinijibu sasa. Kaangalie kwanza, kesho unipigie. Na hilo ulilosema usimwandikie mtu yeyote."

Nikaenda kuangalia, na ile orodha niliyoandika siku hiyo kwenye daftari ninayo mpaka leo maana iliniaibisha. Tepu za kila siku zinaandikwa upya juu kwa juu baada ya wiki nne. Imeili ikishafutwa na mtu, seva inaikalisha siku 14 halafu inaitupa moja kwa moja, ndivyo ilivyokuja kutoka kiwandani na mi sikuwahi kuigusa. Chati za ofisini zinajifuta baada ya siku 30, hiyo niliiweka mwenyewe siku diski ilipojaa nikasahau kabisa kama niliiweka. Na kuna skripti, yaani programu ndogo inayojiendesha, yangu mwenyewe ya miaka mitano nyuma, inaamka kila Jumapili saa nane usiku, inatafuta folda za watu walioacha kazi zaidi ya siku 90, inafuta, inajiandikia logi, inalala. Haikuwahi kukosea hata siku moja. Mtu anayesema hatufuti kitu alikuwa ameajiri mfutaji wa kudumu asiyeomba hata likizo.

Sasa hapo ndo utamu. Barua ya kutaka kila kitu kihifadhiwe ilikuwa imefika kwa mabosi siku kumi na mbili kabla ya ile simu. Ilifika, ikasomwa, ikapelekwa kwa mwanasheria wa kampuni, mwanasheria akaandika imeili kwa wakuu wa vitengo akisema "tafadhali msiharibu nyaraka zozote zinazohusu mradi huu," na IT hatukuwekwa kwenye hiyo imeili kwa sababu mradi haukuwa wetu. Siku kumi na mbili ni Jumapili mbili. Skripti iliamka mara mbili.

Na sio skripti tu. Kulikuwa na jamaa wa mauzo ambaye ndo aliyeongea na wale wateja tangu mwanzo, alikuwa ameacha kazi mwezi mmoja nyuma. Laptopu yake ilikuwa kwenye rafu yetu na tiketi ya kazi imeandikwa "futa, weka upya, mpe mgeni". Kijana wangu aliifomati Jumanne ya katikati ya zile siku, na aliyeifunga tiketi kwenye mfumo ni mimi. Jina langu, saa na dakika. Nilipomwambia wakili nilitegemea atafoka, badala yake akaniuliza tu kama nina uhakika wa tarehe. Afadhali angefoka.

Alinieleza habari ya Laura Zubulake, na nadhani alinieleza kwa makusudi ili nisilale. Huyu mama alikuwa anafanya kazi benki ya UBS, akaishtaki kwa ubaguzi, na kesi ikawa maarufu kuliko ugomvi wenyewe kwa sababu ya imeili na tepu za bakapu. Kati ya 2003 na 2004 Jaji Shira Scheindlin wa New York alitoa maamuzi kadhaa ambayo mpaka leo watu wa fani wanayataja kama aya. Wafanyakazi walikuwa wameambiwa wasifute, na bado wengine walifuta, tepu nyingine zikapotea. Jaji akaruhusu baraza la wazee wa mahakama lichukulie kwamba imeili zilizofutwa zingeiumiza kampuni, na mwaka 2005 baraza likampa yule mama zaidi ya dola milioni 29. Kilichonikaa kichwani sio hela. Ni kile jaji alichosema kuhusu mawakili, kwamba haitoshi kutuma tangazo la zuio, yaani agizo la kutofuta chochote kinachohusu kesi, halafu ukakaa, lazima ufuatilie, uongee na watu wenye data, uongee na watu wa IT, uhakikishe kweli ufutaji umesimama. Yaani 2004 mtu alishaandika kosa letu lote, sisi tukalirudia neno kwa neno.

Kilichotuokoa kwenye ile laptopu ni kanuni ya mahakama zao za shirikisho waliyoibadilisha Desemba 2015. Sasa hivi, adhabu nzito kabisa, kama kuliambia baraza lichukulie mabaya, inataka ionekane ulifuta kwa nia ya kumnyima mwenzako ushahidi. Tena kabla hata ya kufika kwenye adhabu, wanaangalia kama kilichopotea kinaweza kupatikana kwingine. Imeili za yule jamaa zilikuwa bado kwenye seva, bahati nzuri tu maana akaunti yake nilichelewa kuifunga (uvivu nao una siku yake), na alizowatumia wenzake zilikuwa kwao. Tuliandika maelezo, mimi nikaweka sahihi, kwamba tiketi ilikuwa kwenye foleni kabla ya barua, kwamba ni kazi ya kawaida, kwamba tulisimamisha siku ile ile tulipojua. Zile folda zilizofutwa na skripti nusu yake tulizitoa kwenye tepu. Nusu nyingine zilienda.

Tepu sasa. Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu hapa ndo kiburi changu kilipofia. Wakili alitaka bakapu za mwisho wa mwezi za mwaka ule mkataba ulipoandikwa. Nikafungua kabati kwa furaha. Kuna tepu zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, nyingine tarehe imefutika, nyingine maandishi ya mtu aliyeondoka zamani, na moja imeandikwa "FULL USIFUTE?" na ile alama ya kuuliza kubwa kabisa. Nani aliuliza? Alikuwa anamuuliza nani? Tepu zenyewe zilikuwa LTO-2, yaani kizazi cha pili cha tepu aina ya LTO, na mashine tuliyokuwa nayo ni LTO-6, ambayo inasoma vizazi viwili nyuma, yaani mwisho wake LTO-4. Kwa hiyo nina data, iko mkononi naishika, na sina cha kuisomea. Tukatafuta mashine kuukuu, tukaipata, kisha programu ya bakapu ya zamani nayo ikataka mfumo endeshi wa zamani, tukafufua seva iliyokuwa inasubiri kutupwa, halafu katalogi ya kuonyesha nini kiko tepu ipi haikuwepo ikabidi kila tepu isomwe mwanzo mpaka mwisho ndo ijulikane ina nini. Wiki tatu. Tepu mbili zikakataa kabisa.

Bakapu ni ya kurudisha seva ilivyokuwa jana, basi. Ni picha ya nyumba nzima, na fundo lake ni kwamba ukitaka imeili moja ya mtu mmoja lazima ujenge nyumba nzima upya ndo uingie ndani kuitafuta. Akaivu ni kitu kingine, pale imeili inaingia ikiwa na faharasa yake, ina tarehe ya kuingia na tarehe ya kufa, na unaweza kuuliza "nipe zote za fulani na fulani kati ya Machi na Juni" ukajibiwa. Mimi nilikuwa na bakapu nyingi nikaziita akaivu, na mbaya zaidi, kule kuzirundika miaka yote bila sababu ndo kulizileta kwenye kesi. Wakili alinieleza kwamba kwa kawaida tepu za maafa tu, zinazozunguka na hazifikiki kirahisi, hazihitajiki kusimamishwa, isipokuwa zile unazojua zina data ya wahusika wakuu. Zetu zingekuwa zimezunguka kama zilivyopaswa, tusingekuwa na la kueleza. Lakini kitu ukishakuwa nacho siku ya barua, kwamba ulitakiwa uwe umeshakitupa haikusaidii tena.

Nisiwachoshe, ila faili za PST lazima niziseme. Zamani nilimwekea kila mtu kikomo kidogo sana cha sanduku la imeili kwa sababu diski zilikuwa ghali. Watu wakafanya wanachofanya watu, wakahamishia imeili zao kwenye PST, faili ambazo programu ya imeili ya Outlook inahifadhia imeili nje ya seva. Kwenye laptopu, kwenye folda za idara, kwenye flashi za mfukoni, mmoja alikuwa nazo nyumbani. Nilidhani nimeokoa nafasi, kumbe nimeitawanya akaivu ya kampuni nzima kwenye droo za watu. Siku ya kukusanya tukawa tunazunguka meza kwa meza kama wakusanya michango, "mzee, huna faili nyingine mahali?" na kila ukidhani mwisho anatokea mtu, "aah, kuna ile ya zamani." Nyingi za zile za kizamani zilikuwa zimegonga ukuta wa GB 2 zikaharibika.

Na nilizikusanyaje? Kwa kuburuta na kudondosha. Aisee. Ukiburuta faili kwenye Windows kwenda diski nyingine, ile kopi inapewa tarehe mpya ya kuundwa, ya siku hiyo hiyo. Tarehe ya kubadilishwa inabaki ya zamani. Kwa hiyo nilitoa rundo la rasimu za mkataba ambazo kwa mujibu wa mfumo zilibadilishwa miaka mitatu kabla ya kuzaliwa. Upande wa pili wakaliona siku ya kwanza, wakauliza kwa maandishi, kwa adabu sana, kwa nini rasimu ya mkataba iliundwa miezi miwili baada ya kesi kufunguliwa. Na PST nazo, ukiifungua tu kwenye Outlook kuangalia kama ni yenyewe, umeshaibadilisha. Ilibidi turudie ukusanyaji wote na mtaalamu wa kukodi, aliyekuwa anatumia zana inayobeba tarehe zote kama zilivyo, anachukua heshi ya kila faili kabla na baada, ile namba ndefu ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, na kila diski inapobadilisha mikono anaandika nani kamkabidhi nani, saa ngapi. Nilimtazama jamaa akiandika saa kwenye fomu nikakumbuka nilivyobeba ile diski yangu ya kwanza kwenye mfuko wa suruali.

Baadaye ikaja kutafuta. Mawakili wa pande zote walikubaliana orodha ya maneno ya kutafutia, wakatuletea. Neno la tatu kwenye orodha lilikuwa jina la kampuni yetu. Nikawaambia jamani, jina la kampuni liko kwenye sahihi ya chini ya kila imeili ya kila mtu, mtapata imeili zote tangu dunia iumbwe. Hakuna aliyekuwa amefikiria, sio kwa ubaya, hawajui tu. Na upande mwingine wa shilingi, mahali penye mambo yenyewe hakuna maneno yao. Watu wakiwa wanafanya kitu chenye harufu hawaandiki "ukiukwaji wa mkataba". Wanaandika "ile ishu ya jana vipi" na mwenzake anajibu "poa nimemalizana nao". Utaitafutaje hiyo? Hapo ndo nilianza kukaa kwenye vikao vyao badala ya kusubiri tiketi, na kusema kweli ndani ya hicho chumba nilikuwa na faida kuliko kwenye chumba cha seva.

Bili ilipokuja ndo nikaelewa kwa nini wakili alikuwa ananiuliza habari za kufuta tangu dakika ya kwanza. Mi miaka yote hoja yangu ilikuwa moja, diski ni rahisi, tuweke vyote. Lakini kinachokula hela sio kuweka, ni kusoma. Kila nyaraka inayobaki baada ya kuondoa nakala zinazojirudia na kuchuja maneno lazima mtu mwenye akili ya sheria aiangalie, aamue inahusu au haihusu, ina siri kati ya mteja na wakili wake au haina. Taasisi ya RAND ilitoa utafiti mwaka 2012 ikaonyesha kwamba kwenye kazi nzima ya kutoa nyaraka, kama senti 73 za kila dola zinaenda kwenye huko kusoma. Mwaka huo huo Jaji Andrew Peck wa New York alikubali kompyuta ifundishwe na mawakili kisha isaidie kupanga ipi ya muhimu ipi sio, na imepunguza mzigo, sikatai. Ila kompyuta nayo unailisha rundo lile lile. Zile imeili za matangazo ya ndani za miaka tisa nilizoziweka "huenda zikahitajika" kuna mtu alilipwa kwa saa kuzisoma moja moja.

Sasa kuna watu nikiwasimulia haya wanarukia upande wa pili, basi tufute kila kitu kila wiki tulale usingizi. Hapana, ngoja. Kufuta kwa ratiba wakati hakuna ugomvi ni usafi. Kufuta ukishanusa kesi ni kitu kingine kabisa, na kunusa kunaanza kabla ya karatasi kufika, pale tu unapoona wazi kwamba hili litafika mahakamani. Arthur Andersen, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, walikuwa na sera ya nyaraka kama kila mtu, ila wafanyakazi walikumbushwa kuifuata mwaka 2001 wakati mteja wao, kampuni ya nishati ya Enron, inaungua, wakachana karatasi na kufuta faili. Walitiwa hatiani 2002. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kuitengua hukumu hiyo 2005, lakini kampuni ilishakufa, utenguzi wa nini. Mwaka huo wa 2002 Marekani wakapitisha sheria inayoweza kumpeleka mtu jela mpaka miaka 20 kwa kuharibu rekodi ili kukwamisha uchunguzi. Kwa hiyo ile ratiba ya kufuta iwe na swichi, na mtu anayejulikana kwa jina awe na mamlaka ya kuizima usiku huo huo.

Chati ndo vita vya sasa. Google wenyewe, kwenye kesi yao na Epic, watengenezaji wa michezo ya kompyuta, mwaka 2023 Jaji James Donato aliwaona hawakutimiza wajibu kwa sababu chati za wafanyakazi zenye historia iliyozimwa zilikuwa zinapotea baada ya saa 24, na kuamua zihifadhiwe au zipotee waliachiwa wafanyakazi wenyewe. Na Desemba 2021 wasimamizi wa masoko ya hisa wa Marekani, SEC, waliitoza JPMorgan dola milioni 125 kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanaongea biashara kwenye WhatsApp na simu zao binafsi na hakuna rekodi iliyowekwa. Hapo mi nasemaga ukweli, hakuna teknolojia itakayokusaidia kama bosi mwenyewe ndo wa kwanza kuandika "nicheki WhatsApp". Kwetu tulikubaliana kwamba mambo ya mikataba yanabaki kwenye imeili na chati ya ofisi. Yanabaki? Mengi.

Tulichojenga baadaye hakina maajabu. Imeili inapigwa kopi kwenye akaivu inapopita tu, PST zimepigwa marufuku na vikomo vya kibahili nimevitoa. Kila aina ya rekodi ina umri wake na sababu ya huo umri, na sababu ya "huenda" hairuhusiwi, maana kwa wateja wa Ulaya kuna GDPR tangu 2018 inayokataza kukaa na taarifa za mtu kupita inavyohitajika, kwa hiyo unavutwa huku na huku na lazima uwe na jibu la pande zote mbili. Mtu akiwekwa kwenye zuio, anaweza kufuta mpaka achoke, kopi inabaki ndani asikoiona. Fomu ya watu wa rasilimali watu ya mfanyakazi anayeondoka ina kiboksi kimoja kipya, "yuko kwenye zuio?", na tiketi ya kufomati laptopu haifunguki mpaka hicho kiboksi kijibiwe. Kiboksi kimoja. Kimenigharimu usingizi wa mwaka mzima kukipata.

Kesi yenyewe iliisha kwa makubaliano, nani alimlipa nani sikuambiwa. Na hapa kuna kitu hakuna anayekuambia: zuio likishawekwa hakuna anayekumbuka kuliondoa. Kesi imekwisha, mawakili wamehamia kwenye mengine, na wewe umebaki na data iliyogandishwa inayoongezeka kila siku. Niliuliza mara tatu kwa maandishi. Jibu lilichukua miezi minane, karatasi moja yenye mistari minne, zuio limeondolewa, endeleeni na ratiba ya kawaida.

Siku ya kuharibu tepu tulikuwa wawili, mi na yule kijana wa tiketi, na fomu ya sahihi mbili. Ilipofika zamu ya ile ya "FULL USIFUTE?" kijana akaishika akanitazama.

"Hii nayo, bosi?"

Nikaangalia orodha, namba ya tepu, tarehe, namba ya karatasi ya kuondoa zuio. Vyote vipo. Nikaweka sahihi, naye akaweka yake, akaitia kwenye mashine.